Upweke wa Mwanafunzi wa Bweni: Maswali na Majibu

Inakuwaje kijana ajione peke yake katika bweni lililojaa wenzake?

Upweke wa umri huu hautokani na uchache wa watu. Hutokana na kuamini kwamba shida aliyonayo haijampata mwingine. Aliyerudishwa nyumbani kwa sababu ya ada, anayefeli hisabati, ambaye wazazi wake wametengana: kila mmoja huficha lake kwa kuogopa kuchekwa, na kwa kuwa wote wanaficha, kila mmoja huona wenzake wametulia. Kidato cha kwanza ndicho kigumu zaidi. Kwa Tanzania, wengi huacha marafiki wa shule ya msingi na kuacha pia kufundishwa kwa Kiswahili; anayeshindwa kufuata Kiingereza hunyamaza darasani, kisha hunyamaza hata nje.

Dalili zake ni zipi?

Aliyekuwa mchangamfu hula harakaharaka na kuondoka, au kila mara huumwa kichwa na tumbo pasipo chanzo kuonekana. Kwa wavulana wengi upweke huja na sura ya ugomvi, na huadhibiwa kabla ya kuulizwa.

Kuna njia iliyopimwa ikafaa?

Ipo, na ni ya hapahapa Afrika Mashariki. Nchini Kenya, mpango wa Shamiri huwatumia vijana waliomaliza sekondari kuongoza vikundi vidogo vya wanafunzi, saa moja kwa wiki, kwa wiki nne. Vikao havianzi na ugonjwa. Wanafunzi husimuliana vikwazo walivyovishinda, wanayoyashukuru na wanayoyathamini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliohusisha wanafunzi 413, ulionyesha kwamba dalili za sonona na wasiwasi zilipungua zaidi kwa walioshiriki kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kujisomea. Nguvu moja ya mpango huu iko kwa kiongozi mwenyewe: ametoka kwenye madawati yaleyale juzi tu, na akisema naye yalimkuta, anaaminika.

Mwalimu wa ushauri nasaha aanzie wapi?

Kwenye siri. Neno la mwanafunzi likifika chumba cha walimu, na kesho yake likaguswa mstarini hata bila jina kutajwa, hakuna atakayebisha hodi tena muhula mzima. Siri huvunjwa maisha yakiwa hatarini tu, na mwanafunzi aelezwe hivyo mapema. Kazi hii pia asipewe mwalimu wa nidhamu. Si haki kumtaka mtoto afungue moyo kwa anayemchapa.

Na mzazi?

Siku ya kutembelea, asianze na matokeo. Aulize kijana anakaa na nani wakati wa kula.

Akitamka kwamba hataki kuishi?

Asihubiriwe, wala asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Kumuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Nchini Tanzania na Kenya, simu ya huduma kwa mtoto ni 116, na kuipiga ni bure.