Soma Kwanza, Ndipo Mbishane

Jioni moja nyumbani kwetu tulibishana juu ya Michael Jackson, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 2009. Mdogo wangu alisema nyimbo zake zote alitunga mwenyewe. Mimi, mwalimu mzima, nikakubali!

Tukaweka mezani santuri zake tatu: Off the Wall ya 1979, Thriller ya 1982 na Bad ya 1987. Ukitazama karatasi ya katikati ya santuri, chini ya kila wimbo pana jina la mtunzi. Tukasoma, tukahesabu. Ya kwanza ina nyimbo 10. Jina lake liko kwenye 3, na mmoja alitunga na mwenzake. Ya pili zimo 9, zake 4. Ya tatu zimo 10, zake 8. Mimi naona mtu huyu alikuwa anakua. Kumbe hata wimbo wenyewe wa “Thriller” ulitungwa na Mwingereza, Rod Temperton. Mdogo wangu alisoma jina hilo mara tatu, haamini.

Zoezi: Chukua santuri au kanda mbili za mwimbaji mmoja. Soma majina ya watunzi, kisha sikiliza. Ipi unaipenda zaidi? Nani aliitunga? Andika.