Ukishamtoa Majini, Mwache Kwanza Atetemeke

Wadogo zangu wa Iringa na Mbeya, baridi ya Juni mnaijua wenyewe, haina mchezo. Nimejitanda kanga mbili juu ya sweta, chai ya tangawizi iko pembeni, nasoma barua zenu.

Moja imetoka Uyole, kwa binti wa sekondari anayeandika riwaya ya fantasia. Shujaa wake ni msichana anayevutwa na kiumbe wa ajabu hadi kilindi cha Ziwa Ngozi. Kijana mchunga ng'ombe anateremka ule ukingo wenye msitu, anapiga mbizi, anamtoa. Binti aliwasomea wenzake bwenini. Mmoja akapiga kigelegele: "Hao tayari!" Mwingine alinyamaza, halafu akamwomba asiendelee. "Dada," ananiuliza, "nimeandika mapenzi au nimeandika kitu gani?"

Mdogo wangu, umeandika mambo mawili bila kujua. Sura yako nimeisoma mara tatu. Anapofika nchi kavu, msichana wako anatapika maji, anapapasa majani akitafuta kiatu chake, na masikioni kuna mvumo usioisha. Aya inayofuata, ghafla, anaona macho ya kijana na kifua chake kipana. Aliyepiga kigelegele alikuwa anaingoja aya ya pili. Aliyenyamaza hakuwahi kutoka kwenye ile ya kwanza.

Chunguza jicho la aliyeokolewa linatua wapi. Likitua kwenye uso wa aliyemwokoa, kwenye joto la kiganja chake na jinsi anavyolitamka jina lake, msomaji ananusa mahaba hata kama hujaliandika neno penzi. Likitua kwenye tope, kamba, kiatu kinachoelea, anajua mtu ameumia. Tena mahaba yana haraka ya kesho: tutaonana lini? Jeraha halina kesho, linarudi palepale. Ukitaka tujue kwamba msichana wako ana kiwewe, usituambie. Sura ya tano, anakoroga uji jikoni, ule mvumo umrudie, mwiko umdondoke.

Shaaban Robert alilijua hili. Katika *Adili na Nduguze*, kitabu cha mwaka 1952, Adili anamwokoa nyoka aliyekuwa akifukuzwa, na nyoka huyo kumbe ni jini wa kike, Huria. Baadaye ndugu wawili wa Adili, Hasidi na Mwivu, wanamtosa baharini, naye Huria anakuja kumwokoa. Jini mwenye uwezo wote ule, na mtu aliyemwokoa, kisha akaokolewa naye! Waandishi wengi wa leo wangewafungisha ndoa ukurasa uleule. Huria analipa fadhila, basi. Kisha anawageuza wale ndugu manyani na kumwamuru Adili awachape kila usiku. Sikilizeni hilo: kila usiku. Adili ametoka baharini zamani, ana cheo na nyumba nzuri, lakini usiku ukiingia anashika mjeledi na kuwapiga ndugu zake wa damu. Kwangu mimi hapo ndipo lilipo jeraha la kitabu kile, kuliko hata kwenye yale mawimbi.

Nina sababu ya kulishikilia jambo hili. Nikiwa na miaka 9 niliteleza Ruaha Mdogo tulipokwenda kufua. Kijana wa jirani, mkubwa kwangu, alinidaka gauni akanivuta hadi ukingoni. Kuanzia siku hiyo mtaa mzima ukawa unaniita mke wake. Walinitania kwa upendo, najua. Lakini mimi nikimwagiwa maji kichwani nilikuwa napiga kelele, na yule kijana nilimkwepa, napita njia ya nyuma nisikutane naye. Wakasema sina shukrani. Shukrani nilikuwa nayo tele. Ila kila nikimwona yeye, nilikuwa nayaona maji. Hakuna aliyeniuliza ninaona nini, walishanipangia harusi.

Ndiyo maana nakuomba usimharakishe msichana wako. Simkatai mchunga ng'ombe, anaonekana kijana mwema. Ila deni lisije likavaa nguo za penzi. Kabla hajamtazama kwa jicho la kupenda, mpe jambo aliamue mwenyewe, hata dogo. Aukatae mkono wake na kupanda ule ukingo kwa miguu yake. Aombe nguo kavu, kijana ageuke pembeni bila kuambiwa. Hicho kitendo kimoja cha kugeuka kitanifanya niamini mapenzi yao kuliko kifua kipana mara kumi.

Nawe wa Kihesa uliyeniandikia, unayeuza hadithi kipande kwa kipande kwenye makundi ya WhatsApp, unasema wateja wako wanadai shujaa amwoe binti aliyemtoa kwa zimwi katikati ya nguzo za Isimila. Waoane, sina neno, ilimradi binti awe na sauti. Kumbuka ngano ya msichana aliyetiwa ngomani na zimwi, akawa anaimbishwa kijiji hadi kijiji. Kilichomtoa ni wimbo wake mwenyewe na sikio la mama aliyeitambua sauti ya mwanawe. Bwana harusi hayumo, na vizazi kwa vizazi tumeisikiliza bila kuchoka. Wateja wako watavumilia vipande viwili vitatu kabla ya harusi.

Narudi Uyole. Sura utairekebisha, kalamu unayo na kipaji ninakiona. Kinachonikalia moyoni ni yule mwenzako aliyekuomba usiendelee. Je, ulimfuata? Huenda alikuwa na usingizi tu. Huenda ule mvumo wa masikioni anaujua. Usimwulize mbele ya bweni. Mkienda kuchota maji, tembea naye, mwambie samahani kwa kusoma bila kuwauliza kwanza, halafu unyamaze. Akisema, sikiliza, usimkate, na usiyafanye yake kuwa sura ya sita. Yakiwa mazito kuliko wewe, mwombe akukubalie umsindikize kwa mwalimu wa ushauri au kwa mtu mzima anayemwamini yeye. Asipotaka kusema, beba wewe ndoo zote mbili mrudi bwenini, na kesho umwite tena kisimani.