SOMO LA MALEZI: Mtoto Alale Masaa Mangapi?



Ukisimama kando ya barabara hapa Mwihoko saa 11.15 alfajiri, siku yoyote ya shule, utawaona. Watoto wa miaka 6 au 7, wamebeba mikoba mikubwa kuliko migongo yao, wanangojea gari la shule gizani. Wengine wameegemea ukuta wa duka, macho yamefungwa. Somo la leo ni juu ya hao.

Tuanze na mvulana mmoja wa gredi ya 3. Mama yake aliitwa shuleni mara mbili katika muhula mmoja. Mtoto analala darasani, anagombana na wenzake, hesabu zimeanguka. Nyumbani akachapwa kwa uvivu. Alipoletwa kwetu, sisi pia tulikosea: tulidhani ni njaa au minyoo. Siku ya tatu ndipo tukauliza analala saa ngapi.

Familia inaishi chumba kimoja kwenye ploti. Baba hutoka kazini Nairobi, na gari zikikwama pale Githurai hufika saa 3 usiku. Chakula, homuweki, habari za televisheni. Kitanda cha mtoto ni kochi, na kochi lina watu mpaka saa 4.30. Saa 11 kasorobo anaamshwa. Hebu hesabu: ni masaa 6 na robo tu.

Mtoto wa umri wake, yaani kati ya miaka 6 na 12, anahitaji masaa 9 hadi 12. Kwa hivyo huyu alikuwa anakosa karibu masaa 3 kila usiku, na kwa siku tano za shule karibu masaa 14. Ni sawa na kumkesheza mtoto usiku mzima kila wiki, halafu kumchapa kwa kusinzia.

Kiasi cha usingizi hubadilika na umri. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka wa 2019 kwa watoto wa chini ya miaka 5, ukihesabu pia usingizi wa mchana. Mtoto mchanga hadi miezi 3 alale masaa 14 hadi 17. Huyu usiku na mchana kwake ni mamoja, ataamka kunyonya, na mama asilaumiwe ati amemzoesha vibaya. Miezi 4 hadi 11, masaa 12 hadi 16. Wa mwaka 1 hadi 2, masaa 11 hadi 14. Wa miaka 3 na 4, masaa 10 hadi 13. Wengi huacha kulala mchana wanapokaribia kuingia shule ya msingi, na hapo lazima usiku uongezwe.

Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji masaa 8 hadi 10. Wazazi wengi hubisha wakisikia haya. Tena katika umri huo mwili wenyewe huchelewesha usingizi, kwa hiyo binti wa miaka 15 anayesema hasikii usingizi saa 3 huenda anasema kweli. Simu ikiwa chini ya blanketi, basi shida inazidi.

Kwani usingizi una kazi gani? Katika usingizi mzito ndipo mwili hutoa kwa wingi homoni ya kukua, na ubongo hushikilia yaliyosomwa mchana. Tujue pia kwamba mtoto aliyekosa usingizi hapigi miayo tu. Mara nyingi huwa mkali, hulia ovyo, hawezi kutulia. Tunamwita mtundu.

Turudi kwa yule mvulana. Nyumba ni ile ile ya chumba kimoja, kodi ni ile ile. Wazazi walitundika leso katikati ya chumba, godoro dogo likawekwa nyuma yake. Mtoto anakula saa 1 bila kumngojea baba. Chai ya majani jioni imeachwa, maana inafukuza usingizi, anapewa uji. Baba anasikiliza habari kwa simu, na visikizio masikioni. Alinung'unika kidogo, lakini alikubali.

Kazi ngumu ilikuwa gari la shule. Lilikuwa linamchukua mtoto huyu wa kwanza na kumzungusha mtaa mzima. Wazazi sita walienda pamoja kwa mwalimu mkuu. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka wa 2015 zinasema masomo ya shule za kutwa ni kutoka saa 2 asubuhi hadi saa 9.30 alasiri, kwa hiyo hawakuwa wanaomba hisani. Njia ya gari iligeuzwa. Sasa anaamka saa 11.40, na akilala saa 2.40 anapata masaa yake 9. Ijumaa bado huchoka, lakini mama hajaitwa tena.

Neno la haraka juu ya baridi ya Julai: usilaze watoto kwenye chumba chenye jiko la makaa linalowaka, hata likiwa na majivu juu. Moshi wake usioonekana huua watu wakiwa usingizini. Na mtoto mchanga alazwe chali, bila mto.

Tena tujiseme wenyewe. Vipaza sauti vya baa tunavilalamikia kila mkutano wa chifu. Vya mikesha yetu je?

Maswali ya jumuiya:
1. Mtoto wako wa mwisho alilala saa ngapi jana, na akaamka saa ngapi? Kila mzazi ahesabu kwa sauti.
2. Katika ploti yenu, ni nani tunaweza kwenda kuongea naye pamoja: mwenye gari la shule, jirani wa redio, au mwenye nyumba?