Bajaji Isimame Wapi? Kumshusha Mwanafunzi Mwenye Ulemavu Getini

Naendesha bajaji Bagamoyo, na asubuhi kazi yangu ni ya mkataba: napeleka shule watoto ambao hawawezi kwenda kwa miguu. Mmoja ana mtindio wa ubongo, anatumia kiti mwendo. Mwingine alizaliwa na mgongo wazi, anatembelea magongo. Wengine wana uoni hafifu. Walimu wakiniuliza shule yao inakosa nini, wengi hutegemea nitasema rampu. Rampu mara nyingi ipo. Madarasa mapya siku hizi hujengwa nayo, tena imesakafiwa vizuri. Tatizo ni kutoka kwenye tairi la bajaji mpaka inapoanzia hiyo rampu. Hapo katikati pana mchanga, kijiwe cha bodaboda, meza ya mihogo ya kukaanga na gari la mzazi mwenye haraka zake.

Cha kwanza kuangalia ni upande. Sisi tunaendesha kushoto, milango ya daladala iko kushoto, na bajaji nyingi zimezibwa kwa chuma upande wa kulia. Mtoto atashukia kushoto tu. Sasa, ukitoka Mapinga kuja Bagamoyo, bahari iko kulia kwako. Gari linalotoka Kerege au Zinga likisimama barabarani mbele ya shule iliyo upande wa bahari, linamwacha mtoto ng'ambo ya lami, na Coaster zinazowahi stendi hazina subira. Dereva aingie ndani ya uwanja, au akageuze mbele arudi na upande wa geti. Konda akikwambia "atavushwa," muulize atashikwa mkono upi wakati mikono yote miwili iko kwenye magongo.

Dawa nzuri kuliko zote ni geti la pembeni. Si wazo langu. Dar es Salaam kuna shirika linaloitwa Amend, lenye mradi wa usalama wa maeneo ya shule unaojulikana kama SARSAI. Walijenga matuta na njia za waenda kwa miguu, na mahali pengine wakafungua geti jipya ili watoto watokee kwenye barabara tulivu. Mwaka 2019 mradi huo ulipata tuzo ya miji ya taasisi ya WRI ya Marekani. Ukitazama ramani za shule zetu za pwani utaona nyingi zina kichochoro nyuma au ubavuni, kimezibwa kwa michongoma. Fungueni hapo geti dogo la magari ya wanafunzi wenye ulemavu, na mlinzi awe na ufunguo saa kumi na mbili na nusu asubuhi, si saa mbili.

Eneo likishapatikana, chukua futi. Pembeni ya bajaji panatakiwa mita moja na nusu tupu, ili kiti mwendo kifunguliwe na kizungushwe. Pakiwa na mwinuko, hesabu yake ni moja kwa kumi na mbili: kupanda sentimita 10 kunahitaji urefu wa sentimita 120. Fundi atakuambia inakula nafasi. Kweli inakula, lakini rampu fupi iliyosimama ni ya kumwangushia mtoto kisogo. Waliowahi kupanda mabasi ya Mwendokasi ya Dar es Salaam wanajua raha ya sakafu ya kituo kulingana na sakafu ya basi. Shuleni hatuwezi kujenga kituo cha namna ile, ila kijukwaa cha matofali chenye kimo cha ngazi ya kwanza ya gari la shule ni kazi ndogo kwa fundi yeyote. Kreti la soda lisitumike, linapinduka.

Halafu mchanga wetu huu. Magurudumu madogo ya mbele ya kiti mwendo huzama, na ukisukuma kwa nguvu mtoto anatoka na uso mbele. Geuza kiti, umvute kinyumenyume, magurudumu makubwa yatangulie. Mwambie kwanza kwamba unamgeuza. Anayevutwa haoni aendako. Hiyo ni ya leo asubuhi, si ya miaka yote. Cha kudumu ni moramu iliyoshindiliwa, au pevingi upana wa mita moja na robo hivi kutoka getini mpaka kwenye rampu. Masika ikipita, kakagueni upya, maana maji huchimba palepale pevingi inapoishia na kuacha kingo.

Kuzuia wengine wasiegeshe, matairi chakavu yaliyofukiwa nusu na kupakwa chokaa yanatosha. Yaacheni nje ya njia ya kupita, kwa ajili ya wasioona. Wekeni na kivuli. Mwembe ukiwepo, panga eneo chini yake, kwa sababu mwanafunzi mwenye ualbino akisubiri gari juani saa nane mchana anaunguzwa ngozi. Na madereva wenzangu, honi hazimsaidii kiziwi, na mwenye usonji zinamvuruga asubuhi nzima. Simama palepale kila siku. Ukiumwa, anayekushikia apelekwe akajulikane na mtoto kabla.

Kazi ngumu ni watu. Mama wa mihogo usimfukuze. Mwombeni asogee, yeye ndiye atakayewafokea wanaoegesha vibaya kuliko mlinzi yeyote. Kuhusu bodaboda, ongeeni na mwenyekiti wao wa kijiwe. Wazazi wenye magari binafsi ndio wasumbufu, kwa kuwa kila mmoja anashusha "dakika moja tu." Kwao barua ya kamati ya shule haitoshi. Awepo mwalimu wa zamu getini. Viranja wanaweza kubeba mabegi, lakini kumnyanyua mtoto ni kazi ya mtu mzima aliyemuuliza kwanza ashikwe wapi. Kamwe msimvute mikono.

Mkitaka tuta au alama barabarani, msijijengee. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, za mitaa ziko chini ya TARURA. Barua ipitie kwa mtendaji. Kwenye kikao cha kamati ya shule atakuwepo wa kusema hakuna fungu. Mkumbusheni kwa upole Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, inayotaka maeneo ya umma yafikike, kisha mpeni gharama za moramu na chokaa tu.

Jioni mpango ni uleule, ila watoto hawa watoke dakika kumi kabla ya kengele. Mwalimu anipigie wakishakaa kivulini, nami niingie kwa geti la ubavuni huku geti kubwa bado limefungwa.