Mgeni na Laini ya Simu Nchini: Isajiliwe kwa Jina la Nani?

Mgeni anayeingia Tanzania, awe mfanyabiashara, mwanafunzi, mgonjwa au ndugu aliyekuja msibani, huhitaji namba ya simu ya hapa mapema iwezekanavyo. Bila namba hiyo ni vigumu kupokea fedha kwa simu, kuwasiliana na dereva au kupigiwa na hospitali. Somo hili linaeleza namna ya kuipata kihalali, na kwa nini mwenyeji hapaswi kumsajilia mgeni wake kwa kitambulisho chake mwenyewe.

Mfano wa kutafakari

Tuchukue mfano wa familia ya Kigoma inayompokea shemeji yao kutoka Bujumbura, aliyekuja kununua bidhaa kwa wiki tatu. Kwa kutaka kumrahisishia, mwenye nyumba anasajili laini kwa jina lake na kumkabidhi. Shemeji anaanza kupokea fedha za biashara kwa laini hiyo. Siku moja simu yake inaibiwa sokoni. Anakwenda kwa mtoa huduma kuirejesha laini, lakini anaombwa mwenye jina na alama zake za vidole. Mwenye nyumba yuko safarini Tabora. Fedha zipo, na mwenyewe anazijua hadi shilingi ya mwisho, ila hawezi kuzigusa.

Upo pia upande wa pili. Mwizi akiitumia laini hiyo kutuma ujumbe wa kitapeli kabla haijafungwa, kumbukumbu za usajili zitaonesha jina la mwenye nyumba. Yeye ndiye atakayeitwa kujieleza. Ukarimu wake umemletea mashaka, na mgeni wake hakupata usalama wowote.

Kwa nini usajili unahitajika

Usajili wa laini ni takwa la Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Tangu tarehe 1 Mei 2019, usajili nchini hufanywa kwa alama za vidole. Lengo ni kwamba kila namba iwe na mtu anayejulikana nyuma yake. Kwa hiyo laini si kadi tu ya kupigia simu. Ni kiungo kati ya namba, jina, na mara nyingi akaunti ya fedha.

Mgeni atumie utambulisho upi

1. Mgeni wa muda mfupi asajili kwa hati yake ya kusafiria. Aibebe hati halisi, si nakala wala picha iliyo ndani ya simu.

2. Mgeni mkaazi atumie utambulisho wa Taifa. Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa (NIDA) hutoa vitambulisho kwa makundi matatu: raia, wageni wakaazi na wakimbizi. Aliyekuja kwa ajira au masomo ya muda mrefu aulizie kitambulisho hicho mapema.

Hatua za kufuata

Kwanza, hakikisha simu itapokea laini ya hapa. Baadhi ya simu zilizonunuliwa nje zimefungwa zitumie mtandao mmoja tu. Jaribu laini ya mwenyeji kwa dakika moja kabla ya kununua yako.

Pili, nenda kwenye duka la mtoa huduma au kwa wakala anayetambulika. Epuka kabisa laini inayouzwa ikiwa tayari imesajiliwa. Laini hiyo ni ya mtu mwingine, naye anaweza kuifunga au kuirejesha kwake wakati wowote.

Tatu, kuwa makini unapoweka kidole. Wakala akisema mtandao umekataa na kukutaka urudie mara kadhaa, muulize sababu na uangalie anachofanya. Alama zako zinaweza kutumika kusajili laini nyingine usiyoijua.

Nne, kabla ya kuondoka dukani, piga *106# ili kuhakiki usajili. Ukiona jina lisilo lako au namba usiyoitambua, dai marekebisho papo hapo.

Tano, weka namba ya siri ya fedha wewe mwenyewe. Usimtajie wakala, mwenyeji wala mtu anayejitambulisha kuwa ofisa. Ujumbe wa kitapeli upeleke kwenye namba 15040, ukitaja namba iliyoutuma.

Zipo pia laini zisizo na kadi, zinazonunuliwa kwa intaneti kabla ya safari. Nyingi kati yake hutoa intaneti pekee. Mgeni atakayehitaji kupigiwa simu au kupokea fedha aulize kwanza iwapo atapewa namba ya Tanzania, yaani inayoanza na +255.

Kabla ya kuondoka nchini

Namba isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, kisha inaweza kupewa mteja mwingine. Mgeni atoe salio lake la fedha, aiondoe namba hiyo kwenye akaunti za benki na za mitandao ya kijamii, kisha awaarifu aliowasiliana nao. Asimwachie rafiki laini hiyo, kwa kuwa bado imeandikwa kwa jina lake.

Kwa mwenyeji

Mgeni wako akikuomba laini, mkaribishe, kisha fuatana naye hadi dukani. Mfasirie lugha, mwoneshe wakala unayemwamini, msubiri hadi amalize kuhakiki. Huo ni msaada wa kutosha.

Maswali ya kujipima

1. Je, laini zote zilizosajiliwa kwa jina lako ziko mikononi mwako?
2. Ikiwa simu ya mgeni wako ingepotea leo, nani angeweza kuirejesha laini yake?
3. Mara ya mwisho ulihakiki usajili wako lini?