Fedha za Mwenzio na Nguo Isiyovalika

Somo nitakalolieleza hapa sikulipata darasani. Nililipata bwenini, usiku mmoja wa juma la kwanza baada ya likizo, na siku ile mimi ndiye niliyejiona mwalimu.

Mwenzetu mmoja, ambaye kwao ni Mwananyamala, wilaya ya Kinondoni, alitusimulia kwamba wakati wa likizo alinunua nguo kwa Sh. 15,000/-. Tulipomwomba atuonyeshe, akacheka, akasema nguo hiyo haivaliki. Imo ndani ya mchezo wa simu uitwao Free Fire, na anayeivaa ni yule mtu wake wa mchezoni. Basi nikachukua kipande cha chaki, nikapiga hesabu juu ya mlango wa kabati langu: Sh. 15,000/- ni sahani tano za chipsi mayai za Sh. 3,000/-, na mtu akishiba bado hajawa uchi. Wenzangu walicheka hata kiranja akaja kutunyamazisha. Tangu usiku ule mwenzetu akaitwa Bwana Almasi. Na tangu juma lile hakuja tena katika kikundi chetu cha kusoma jioni, ambamo yeye ndiye aliyekuwa akitufafanulia hesabu za mole katika Kemia.

Kwa ajili ya wazazi wasioujua mchezo huu, yafaa nieleze kidogo. Ulitolewa mwaka 2017 na Garena, kampuni ya Singapore. Kuuingiza katika simu ni bure. Wachezaji hushuka kisiwani kwa miavuli, hutafuta silaha, na hupigana mpaka abaki mmoja au kikundi kimoja. Kampuni hupata fedha zake kwa kuuza vitu vya mchezoni: nguo, viatu, nywele, hata namna ya kucheza ngoma baada ya ushindi. Vijana huviita skini. Bunduki zilizorembwa zaweza kuongeza nguvu kidogo, lakini shati ni shati tu. Risasi humpata aliyelivaa na asiyelivaa.

Vitu hivi havinunuliwi kwa shilingi bali kwa almasi za mchezoni. Mtaani kwetu kijana humtumia muuzaji fedha kwa simu, naye humwingizia almasi katika akaunti yake. Hapo ndipo penye werevu. Almasi huuzwa kwa mafungu, na mtu akisha kununua aghalabu hubakiwa na chache zisizotosha kitu, nazo humshawishi aongeze. Tena anayetoa almasi 300 haoni uchungu wa mtu anayehesabu noti mkononi.

Tulipopewa ruhusa ya kwenda nyumbani siku chache, nilimsimulia mama habari ya Bwana Almasi, nikitegemea tutacheka pamoja. Kwetu ni Tandika, wilaya ya Temeke, na mama ana genge la nyanya na vitunguu. Hakucheka. Alinionyesha gauni lililotundikwa nyuma ya mlango.

"Mwanangu, hili umeniona nalo mara ngapi?"

Nikamjibu, "Mara moja, mama, kwenye ile harusi ya Mbagala."

"Kitambaa cha sare elfu thelathini na tano, mshonaji elfu ishirini. Je, ningekwenda na kanga zangu za gengeni, wenzangu wangeniweka wapi?"

Sikuwa na jibu. Kwa hesabu yangu ya chipsi mayai, mama yangu alikuwa amekula sahani kumi na nane na kubakiza Sh. 1,000/-, na mimi sikuwahi kumwandikia kitu mlangoni.

Wala jambo hili si la zama hizi za simu. Zamani palikuwa na ngoma ya beni, iliyoanza katika miji ya pwani ya Kenya miaka ya 1890, ikaenea Tanganyika. Hapa Dar es Salaam vyama vyake viwili vikubwa viliitwa Marini na Arinoti, navyo vilishindana vikali. Wanachama walivaa sare za kijeshi ingawa wengi hawakuwa askari, wakapeana vyeo vikubwa ingawa hawakuwa na jeshi, wakapiga gwaride kwa ngoma na tarumbeta. Watu wa kipato kidogo walitoa fedha nyingi kwa mavazi na karamu ili chama chao kisishindwe na kile kingine. Walilaumiwa kwamba wanapoteza mali kwa upuuzi. Lakini vyama hivyo hivyo viliuguza wagonjwa wao na kuzika maiti wao, na mtu aliyetoka bara akafika mjini hana ndugu, alipata ndugu humo. Aliyetazama sare peke yake hakuona yaliyonunuliwa pamoja na sare. Mwenzetu naye hucheza na vijana wanne wa mtaa wake, na wote wamenunua nguo ya rangi moja. Jambo hilo alilisema usiku ule ule, lakini kicheko changu kilikuwa kikubwa, sikulisikia vizuri.

Je, nasema basi kila mtu anunue apendavyo, na asiulizwe? La. Hapa sina budi kutoa siri ya nyumbani. Mdogo wangu, mwenye miaka kumi na miwili, alichukua Sh. 9,000/- kidogo kidogo katika kopo la genge, akanunua almasi, zote akazimaliza katika gurudumu la bahati la mchezo ule. Gurudumu hilo halikuuzii kitu unachokitaka. Hukuuzia nafasi ya kukipata, na yeye hakukipata. Juma hilo mama alipungukiwa fedha za tenga la nyanya, akakopa. Nilijua, nami nikanyamaza, kwa kuwa ni mdogo wangu.

Wakubwa wa nchi nyingine wametenganisha mambo haya vizuri kuliko mimi. Mwaka 2018 tume ya kamari ya Ubelgiji iliamua kwamba makasha ya bahati yanayouzwa katika baadhi ya michezo ya namna hii ni kamari. Desemba 2022 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba Epic Games, kampuni ya mchezo wa Fortnite, italipa dola milioni 245 za kuwarudishia wanunuzi, kwa sababu vitufe vyake viliwafanya watu wanunue bila kukusudia, na watoto walinunua bila idhini ya wazazi. Katika mashauri hayo hakuna aliyeulizwa kwa nini amependa nguo isiyovalika. Yaliyoulizwa ni fedha ni za nani, na kama mnunuzi alijua anachokinunua.

Nilirudi shuleni nikamwendea mwenzangu kitandani kwake. Kumbe fedha zake zilikuwa za jasho: likizo nzima alikuwa akibeba marobota na kupanga mashati ya mitumba, akalipwa Sh. 80,000/-. Akaniambia, "Wewe bwana ulihesabu elfu kumi na tano. Mbona hukuuliza zile sitini na tano zilikwenda wapi?" Elfu arobaini alimpa mama yake. Zilizobaki ni nauli, sabuni na madaftari, na madaftari hayo ndiyo niliyokuwa nikinakili humo majibu ya Kemia.

Nilimwomba radhi, kisha nikaufuta mlango wa kabati kwa kitambaa cha maji. Alisema amesikia. Kikundini bado hajarudi, na jina la Bwana Almasi wenzangu wanaliita vile vile, kwa kuwa kulianzisha niliweza peke yangu, lakini kulikomesha siwezi. Mdogo wangu naye nimemsema kwa mama. Analipa Sh. 500/- kila Jumamosi kwa kumbebea ndoo za maji, na deni lililobaki ni Sh. 3,500/-.