Nguvu Nyingi Si Dawa: Kurekebisha Mawimbi ya Mtandao Shuleni

Pongwe, magharibi ya mji wa Tanga kando ya barabara iendayo Muheza, hujulikana kwa mawe yake ya chokaa. Tuchukue mfano wa shule ya sekondari ya hapo yenye majengo mawili ya kuta nene, na katika kila jengo imefungwa ruta moja ya Wi-Fi. Wanafunzi arobaini wanafungua somo kwa wakati mmoja, na mtandao unakwama. Mwalimu anaongeza nguvu ya ruta zote mbili hadi kikomo. Hali inazidi kuwa mbaya. Kipindi kinapita, na fedha ya shule imelipiwa huduma isiyotumika. Kosa liko wapi?

Ruta ni kituo kidogo cha redio. Tofauti na redio ya nyumbani, ambayo husikiliza tu, hapa kila simu na kila kompyuta husikiliza na pia kusema. Wanaotumia chaneli moja hawana budi kupokezana zamu, kama wazee barazani. Hebu basi tuchunguze marekebisho manne.

1. Chaneli. Katika masafa ya gigahezi 2.4, chaneli ya 1 ina kitovu chake kwenye megahezi 2412, na kila inayofuata, hadi ya 13, huongezeka kwa megahezi 5. Lakini mawasiliano yenyewe huhitaji upana wa megahezi 20 hivi. Kwa hiyo chaneli za 1 na 3 huingiliana, na kila upande huwa kelele tu kwa mwenzake. Chaneli za 1, 6 na 11 zimeachana kwa megahezi 25, nazo haziingiliani. Jengo la kwanza lipewe ya 1, la pili ya 6.

2. Upana. Ruta nyingi huruhusu upana wa megahezi 40. Upana huo huongeza kasi pale ambapo hakuna jirani; lakini masafa yote ya 2.4 yana megahezi 83.5 tu, hivyo ruta moja hula karibu nusu yake. Shuleni chagua 20. Masafa ya gigahezi 5 yana nafasi kubwa zaidi, ila mawimbi yake hupenya kuta kwa shida zaidi. Yanafaa ndani ya chumba chenye ruta.

3. Nguvu. Mwalimu mwenye kipaza sauti husikika uwanja mzima, lakini mwanafunzi wa nyuma asiye nacho hasikiki kwa mwalimu. Ndivyo ilivyo kwa ruta yenye nguvu na simu yenye nguvu ndogo: simu huonyesha alama nzuri, na majibu yake hayafiki. Tena, ruta mbili zilizo kwenye chaneli moja zikisikiana kwa mbali, hungojeana bila sababu. Hilo ndilo lililomkuta mwalimu wetu. Nguvu hupimwa kwa dBm: 20 ni miliwati 100, na kila upungufu wa 3 hukata nusu. Kwa hiyo 17 ni miliwati 50, na 14 ni miliwati 25. Anza na 14, kisha upime.

4. Wasiosikiana. Simu mbili zilizotengwa na ukuta huweza kusikia ruta lakini zisisikiane. Zikisema pamoja, maneno yote mawili huharibika. Rekebisho liitwalo RTS hukilazimisha kifaa kilichowekewa kuomba ruhusa kabla ya kutuma furushi kubwa la habari. Kwa kawaida huwekwa 2347, yaani halitumiki kabisa. Jaribu 500 ikiwa tatizo hili lipo. Kama halipo, liache, kwani maombi nayo hula muda.

Kabla ya yote, chagua Tanzania katika sehemu ya nchi, ili ruta ifuate masafa yanayoruhusiwa. Msimamizi wa masafa nchini ni TCRA, iliyoundwa mwaka 2003. Badili kitu kimoja kwa wakati mmoja, na uandike thamani ya zamani daftarini.

Jaribio. Weka ruta uwanjani. Kwa programu ya simu inayoonyesha dBm, pima ukiwa umbali wa mita 5, 10 na 20. Kila umbali unapozidishwa mara mbili, nguvu hubaki robo, yaani hupungua kwa 6 hivi; ardhi na miili ya watu hubadili matokeo kidogo. Kisha pima nyuma ya ukuta wa mawe, na ulinganishe.

Mazoezi. (a) Mawimbi husafiri mita 300,000,000 kwa sekunde. Tafuta urefu wa wimbi la megahezi 2437 na la megahezi 5180. (b) Ruta imeshushwa kutoka 20 hadi 11 dBm. Imebaki na miliwati ngapi?

Majibu. (a) Sentimeta 12.3 na 5.8. (b) Miliwati 12.5.